Wachaneni na Hiyo Mistari Myeusi

Wasee, kuna ombi moja mimi hupata karibu kila wiki, na leo nimeamua kulijibu mara moja ili nikiulizwa tena niwe natuma tu hii. Ombi lenyewe ni hili: "Nitolee hiyo mistari myeusi, nataka picha ijae skrini yote." Mmoja anataka itolewe kwenye muvi, mwingine kwenye video ya harusi ya wazazi wake, mwingine kwenye klipu ya kuposti. Wote wanaiongelea hiyo nyeusi kama ni uchafu umeingia kwa video, kama ni kitu mtu wa kuediti alisahau kupanguza.

Msimamo wangu ni huu, na mnaweza kunikasirikia. Mara nyingi hiyo nyeusi iko hapo kwa sababu nzuri, na ukiilazimisha itoke lazima kuna mtu atalipia. Anayelipia huwa ni yule aliye ndani ya video. Yeye hawezi kukupigia simu alalamike, hasa kama alishazikwa.

Kabla mtu aseme naringa na mambo ya sinema, mimi ni msee wa kawaida tu. Niko na laptopu ya mtumba, deki ya VHS ambayo fundi alinifufulia, na kameza kembamba nyuma ya saiba. Nabadilisha kaseti kuwa faili, natengeneza video za harusi na za mazishi, na wikendi naposti vichekesho vyangu. Haya ninayoyasema ni ya kazi ya kila siku.

Nyeusi inatoka wapi

Kila picha ina upana na kimo. Hapo zamani, miaka ya 1890, maabara ya Thomas Edison kule Marekani ilitengeneza filamu ya milimita 35, na picha moja ikapewa urefu wa matundu manne ya pembeni. Ilitokea picha ya karibu 4 kwa 3, yaani upana ukizidi kimo kidogo tu. TV zilipokuja zikachukua umbo hilohilo. Kama umewahi kuona Great Wall nyeusi na nyeupe ikiwashwa na betri ya gari huko ocha, hilo ndilo umbo lake.

Halafu miaka ya 1950 Wamarekani wakaanza kubaki nyumbani kuangalia TV badala ya kwenda sinema. Hollywood ikajibu kwa kupanua picha ili watu waone kitu ambacho TV haingeweza kuwapa. Mwaka wa 1953 ikatoka The Robe, filamu ya kwanza kuonyeshwa kwa CinemaScope, na tangu hapo muvi nyingi kubwa zimekuwa pana sana. Siku hizi umbo hilo pana ni karibu 2.39 kwa 1. Lingine linalotumika sana sinemani ni 1.85 kwa 1.

Sasa TV ya leo ya 16 kwa 9 ilitoka wapi? Miaka ya 1980 mhandisi mmoja Mmarekani, Kerns Powers, alichora mistatili ya maumbo yote yaliyokuwa yakitumika, yote iwe na eneo sawa, akaipanga mmoja juu ya mwingine. Akaona kuna umbo moja, karibu 1.78 kwa 1, linaloweza kuibeba yote bila kupendelea yoyote. Hilo ndilo 16 kwa 9. Kwa hivyo TV yako iliundwa kuwa katikati. Haikutengenezwa kwa ajili ya muvi pana wala kwa kaseti ya zamani. Ilitengenezwa ikijua kwamba pana itaacha nafasi juu na chini, na ya zamani itaacha nafasi kushoto na kulia. Nyeusi ilikuwa kwenye mpango tangu siku ya kwanza.

Fikiria shuka la 4 kwa 6 kwenye kitanda cha 6 kwa 6. Godoro litaonekana pembeni. Unaweza kulikubali hivyo, ama unaweza kuvuta hilo shuka hadi lipasuke. Kwa video, watu wengi wanachagua kupasua.

Njia tatu za kuiondoa kwa lazima

Ya kwanza ni kuvuta. Unachukua picha ya 4 kwa 3 unaitandaza ijae 16 kwa 9. Hapo kila kitu kinanenepa kwa asilimia 33. Magurudumu ya gari yanakuwa mayai. Uso wa mtu unakuwa mpana kama umeumwa na nyuki. Hii ndiyo unaiona kwa mathree nyingi usiku. Video ya kitambo inachezwa kwa skrini pana, wasanii wamefutuka, na hakuna anayeshangaa kwa sababu tumezoea. Nyumbani pia, kuna kitufe kwa rimoti ya TV ama ya king'amuzi kinachobadilisha umbo la picha, na nyumba nyingi kilibonyezwa mara moja kitambo na hakijawahi kurudishwa. Mechi yote unaangalia wachezaji wafupi wanene. Kibonyeze leo.

Ya pili ni kukata. Unakuza picha mpaka pembeni zijae, na kinachozidi juu na chini kinatupwa. Watu wanaona hii ni ya heshima kwa sababu nyuso hazijaharibika. Lakini piga hesabu. Ukikata 4 kwa 3 iwe 16 kwa 9 umetupa robo nzima ya picha. Ukikata muvi ya 2.39 iwe 16 kwa 9 umetupa tena karibu robo, safari hii kutoka pembeni. Na ukikata 16 kwa 9 iwe ya kusimama ya simu, 9 kwa 16, unabaki na asilimia 32 tu. Zaidi ya thuluthi mbili za kile kilichopigwa zimeenda.

Hata kampuni kubwa zimeumbuka hapa. Novemba 2019, Disney+ ilipoanza, iliweka vipindi vya zamani vya The Simpsons vikiwa vimekatwa vijaze skrini pana. Kuna kipindi wanatembelea kiwanda cha bia, na mzaha wenyewe ni kwamba aina tatu za bia, zinazouzwa kama tofauti, zinatoka kwa bomba moja. Hilo bomba liko juu ya picha. Kata juu, bomba limeenda, na mzaha umeenda nalo. Mashabiki walipiga kelele mpaka mwaka wa 2020 kampuni ikarudisha umbo la asili kama chaguo. Mwaka wa 2021 Seinfeld ilipofika Netflix, kipindi kinachoitwa The Pothole kilikatwa hivi kwamba shimo lenyewe la barabarani halionekani. Mtu anaangalia chini na wewe huoni anachoangalia. Kama wao wenye pesa wamepoteza shimo, huyo msee wa studio ya mtaani atapoteza nini?

Ya tatu ni ukungu. Picha halisi inabaki katikati, na pembeni unaweka picha hiyohiyo ikiwa imekuzwa na kufifishwa. Habari za TV hufanya hivi kila siku kwa klipu za simu. Hii haiharibu picha, kwa hivyo siwezi kuiita dhambi. Shida yangu ni kwamba pembeni panacheza muda wote. Mtu akipunga mkono katikati, kivuli chake kikubwa kinapunga pembeni, na jicho linaenda huko. Nyeusi haishindani na chochote.

"Huyu si mamangu"

Kuna mama mmoja alikuja kwangu mwaka jana na fleshi. Ndani kulikuwa na ruracio yake ya 1997, iliyobadilishwa kutoka kaseti na studio fulani mjini. Alikuwa anataka vipande vya kuonyesha kwa sherehe ya familia. Tukaifungua kwa laptopu, akaangalia kidogo, akasema, "Kijana wangu, huyu si mamangu. Mamangu hakuwa mnene hivi."

Mamake aliaga miaka kadhaa baada ya hiyo sherehe. Picha zake za karatasi ni chache. Hii kaseti ndiyo mahali pekee anapoonekana akitembea na kuongea. Na studio ilikuwa imemvuta asilimia 33. Wajukuu ambao hawakumkuta walikuwa wameangalia hiyo faili kwa TV, na kwa vichwa vyao hiyo ndiyo sura ya shosho yao.

Aliniambia alikuwa amerudi kule kulalamika. Wakamfanyia ya pili, hii sasa ya kukata, na hiyo pia ilikuwa kwa fleshi. Uso ulikuwa sawa. Lakini kuna sehemu ndefu ambapo mamake ameketi kwa kigoda akimimina uji kutoka kwa kibuyu, na aliyekuwa na kamera amempiga kutoka mbali kidogo, ameketi chini ya picha. Kwa ile faili ya kukata unaona uso na mabega, halafu basi. Mikono haipo, kibuyu hakipo, watoto walioketi kwa mkeka mbele yake wamebaki nywele. Mmoja wa hao watoto ni mdogo wake huyu mama. Juu nako, wazee waliosimama nyuma wamekatwa vichwa.

Nilimuuliza kama kaseti bado iko. Ilikuwa iko, kwa mfuko wa plastiki juu ya kabati. Hiyo ilikuwa bahati, kwa sababu kuna studio huwaambia watu watupe kaseti kazi ikiisha.

Tukaanza upya. Nikaitoa kwa umbo lake, 4 kwa 3, nyeusi kushoto na kulia. Kabla nimpatie nikamweleza: "Mathe, kwa TV yako pembeni patakuwa na giza. Usiruhusu mtu abonyeze rimoti ijae." Akaketi akaangalia ile sehemu ya uji yote, mikono na kibuyu na watoto. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Kwa nini hawakuniwekea hivi mara ya kwanza?"

Jibu ni kwamba walidhani anataka skrini ijae. Na pengine mwanzoni alitaka kweli. Hakuna mtu aliyemwambia bei.

Mambo ya pikseli ambayo yanadanganya watu

Hapa acha niingie kidogo ndani, kwa sababu wengi wanaovuta picha hawajui kama wamevuta.

Pikseli za simu yako ni za mraba. Za DVD na za kaseti iliyobadilishwa si za mraba. Kenya tulikuwa tunatumia mfumo wa PAL, na video ya PAL ikiwa kwa DVD ni pikseli 720 kwa 576, iwe ni ya 4 kwa 3 ama ya 16 kwa 9. Namba ni zilezile. Kinachotofautisha ni alama ndogo ndani ya faili inayoiambia TV itandaze namna gani. Sasa gawanya 720 kwa 576 unapata 1.25, ambayo si 4 kwa 3 wala 16 kwa 9. Ukibadilisha video na programu ikatupa hiyo alama, ya 4 kwa 3 itakonda kidogo, na ya 16 kwa 9 itakonda asilimia 30. Bibi harusi anakuwa kijiti. Halafu mtu anaona amekonda, anavuta kwa macho mpaka "aonekane sawa", na macho yanadanganya.

Usikisie. Ukitaka pikseli za mraba, 4 kwa 3 ya PAL ni 768 kwa 576, na 16 kwa 9 ya PAL ni 1024 kwa 576. Kisha tafuta kitu cha duara kwa video: gurudumu, sahani, saa ya ukutani, sufuria iliyopigwa kutoka juu. Ikiwa duara, umepatia. Ikiwa yai, rudi nyuma.

Kitu kingine cha kaseti: picha zake zimesukwa kwa mistari, nusu ya mistari inakuja kwanza, nusu nyingine inafuata. Isawazishe hiyo kwanza ndiyo ubadilishe ukubwa. Ukibadilisha kimo kabla ya kusawazisha, mtu akitembea anaota meno ya kitana pembeni, na hiyo haitoki tena.

Kuna nyeusi ya kutoa

Sasa msiniweke kwa kikundi cha watu wanaoabudu nyeusi. Kuna nyeusi mbili, na tofauti yake ndiyo siri ya hii kazi yote.

Ya kwanza ni ile ambayo kifaa kinaongeza wakati wa kucheza. Faili yenyewe ni picha tupu, na TV ama simu inajaza nafasi iliyobaki. Hii haina shida, na inabadilika kulingana na skrini. Ya pili ni ile iliyochomwa ndani ya faili, imekuwa sehemu ya picha. Hii inakufuata kila mahali, hata pale haihitajiki.

Chukua muvi ya 2.39 iliyochomewa nyeusi ndani ya faili ya 16 kwa 9. Icheze kwa simu ya 20 kwa 9, zile ndefu tulizo nazo wengi wetu. Simu inaongeza nyeusi kushoto na kulia kwa sababu faili ni 16 kwa 9. Juu na chini kuna ile ya kuchomwa. Picha inabaki imefungiwa katikati kama stempu, ikitumia karibu asilimia 60 ya skrini. Toa ile ya kuchomwa, na muvi hiyohiyo kwa simu hiyohiyo inatumia asilimia 93. Hapo hujapoteza hata pikseli moja ya picha. Hiyo nyeusi itoe bila huruma. YouTube wenyewe wanashauri usiongeze mistari yako, kwa sababu kichezeshi chao kinajipanga kulingana na umbo la video.

Kuitoa ni rahisi. HandBrake inaweza kuitambua na kuikata yenyewe. FFmpeg iko na kichujio kinaitwa cropdetect, kinasoma video na kukupa namba. Kwa faili ya 1920 kwa 1080 yenye muvi pana, mara nyingi utapata kitu kama 1920 kwa 800, ikianzia pikseli ya 140 kutoka juu. Kwa 4 kwa 3 iliyochomewa nyeusi pembeni, ni 1440 kwa 1080, ikianzia 240 kutoka kushoto. Hakikisha namba za mwisho zinagawanyika kwa mbili, la sivyo programu nyingi zitakataa ama zitakuletea mstari wa ajabu pembeni.

Lakini usiiamini mashine macho yamefungwa. Mashine inatafuta giza, na muvi ina giza lake. Ikisoma sehemu ya usiku inaweza kudhani ukuta mweusi ni mstari, ikakata. Maandishi ya tafsiri pia wakati mwingine yameandikwa ndani ya ile nyeusi ya chini. Ukiikata, msee anaangalia muvi ya Kikorea bila kujua wanasema nini. Na kuna muvi zinazobadilisha umbo katikati. The Dark Knight ya 2008, kwa Blu-ray, sehemu zilizopigwa kwa kamera za IMAX zinajaza skrini nzima, zingine ni pana zenye nyeusi. Ukikata kwa kufuata zile pana, umekata juu na chini ya sehemu bora kabisa za hiyo muvi. The Grand Budapest Hotel inatumia maumbo matatu kuonyesha nyakati tatu tofauti. Hapo nyeusi ni sehemu ya hadithi. Kwa hivyo angalia mwanzo, katikati na mwisho kabla ubonyeze.

Kaseti nazo zina uchafu wa kweli: ukanda mwembamba wa giza pembeni, na chini kabisa mistari michache inayocheza cheza. TV za zamani ziliificha nyuma ya fremu, kompyuta inaionyesha yote. Hiyo punguza, pikseli chache tu, na usivute kilichobaki kuziba pengo.

Yule wa kona

Hii ndiyo inaniuma zaidi, na sisi watengeneza klipu ndio wenye makosa mengi, kwa hivyo mnisikilize.

Taarifa na hotuba kwa TV mara nyingi huwa na mkalimani wa lugha ya ishara kwenye kona. Katiba yetu, kifungu cha 120, inasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Tatu, sawa kwa sawa. Sasa angalia klipu za kisiasa zinazozunguka mtandaoni. Mtu anachukua hotuba, anaikata iwe ya kusimama, kiongozi abaki katikati, na yule mkalimani wa kona anatupwa kwenye ile asilimia 68 iliyokatwa.

Hakuna aliyekaa akaamua kuwafungia viziwi nje. Mtu alitaka tu skrini ijae. Lakini kijana kiziwi wa umri wangu, anayepita TikTok kama mimi, alikuwa na mtu wa kumweleza kilichosemwa, na sasa hana. Wangeacha hiyo video ilale kwa upana wake, nyeusi juu na nyeusi chini, angepata kila kitu. Kama lazima uisimamishe, kata vipande viwili: kiongozi juu, mkalimani chini, akiwa mkubwa wa kuonekana vidole. Ni kazi ya dakika tano.

"Lakini nimelipia inchi 43"

Najua. Umelipia inchi 43 na unataka zote. Hebu tupime. TV ya inchi 43 ina upana wa karibu sentimita 95. Muvi ya 2.39 inatumia upana huo wote. Kimo inatumia karibu sentimita 40 kati ya 53. Nyeusi ni kama sentimita 7 juu na 7 chini. Kwa hizo sentimita 7, unataka kutupa robo ya kile mwongozaji alichopanga? Zima taa ya sebuleni uone. Baada ya dakika tano hata hutakumbuka iko.

Na kuna wanaoniambia simu ndiyo imetawala, mambo ya kulala yamepitwa. Nakubali nusu. Video ya 16 kwa 9 kwa simu iliyosimama inatumia chini ya thuluthi moja ya skrini, na watu wanapita. Ndiyo maana vichekesho vyangu napiga vikiwa vimesimama tangu mwanzo, kamera imeshikwa hivyo, waigizaji wamepangwa hivyo. Hakuna kinachokatwa kwa sababu hakuna kilichopigwa nje. Umbo ni uamuzi wa kabla ya kubonyeza kitufe chekundu. Ukishapiga, umeshaahidi.

Nikiwa na video ya zamani ya kulala na lazima iende kwa simu, naiacha nzima katikati, juu kwa nyeusi naandika kichwa, chini kwa nyeusi naweka maneno yanayosemwa. Ile nafasi mliyosema ni ya bure inafanya kazi, na picha haijaguswa.

Kwa video za mazishi nina sheria moja ambayo sivunji hata nikilipwa zaidi. Familia huleta picha kwa simu, nyingi za kusimama, na skrini ya chini ya hema ni ya kulala. Mwili hauvutwi. Picha ya marehemu inakaa katikati kwa umbo lake, nyeusi pembeni. Watu wamekuja kumuaga mtu wanayemjua, na watamwangalia hapo pengine kwa mara ya mwisho. Siwezi kuwapa mtu mwingine anayefanana naye.

Kwa hivyo kama kwenu kuna kaseti, nendeni mkaitafute wiki hii. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kujulikana ikitengeneza deki za VHS, iliacha mwaka wa 2016. Zilizobaki zinazidi kuzeeka na mafundi wanazidi kupungua. Ukimpata wa kukubadilishia, mwambie maneno haya: umbo la asili, usivute, usikate, na kaseti yangu nirudishie. Akikuuliza kama nyeusi pembeni haitakusumbua, mwambie hapana.